Kutu Haichomelewi

Siku hizi si ajabu kuona moto wa kuchomelea ukimetameta kijijini. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mjini. Aliyevunjikiwa na plau, au aliyetobokewa na bomba la moshi la gari lake, alipaswa kusafiri. Leo umeme umefika katika vijiji vingi. Mashine za kuchomelea nazo zimekuwa ndogo. Ziko ambazo mtu mmoja anaweza kuzibeba begani. Kijana akipata mashine kama hiyo, huegemeza geti la chuma kando ya barabara liwe tangazo lake, na kazi huanza.

Mimi nalifurahia jambo hili. Wapo watu wanaowadharau vijana hao. Huwaita mafundi wa chini ya mwembe. Siwaungi mkono watu hao. Chuma hakijui kama kiko chini ya mwembe au ndani ya gereji yenye sakafu ya saruji. Kikichomelewa vizuri kitashika, na kikichomelewa vibaya kitaachia.

Ugomvi wangu ni juu ya tabia moja. Nayo ni tabia ya kuchomelea bati jipya juu ya chuma kilichooliwa na kutu. Tabia hiyo naiona vijijini, na mjini pia naiona. Nasema iachwe. Na watu wa kuifanya iachwe si mafundi peke yao. Ni sisi wenye magari, sisi wenye vikundi vyenye magari, na hata sisi tunaopanda tu na magunia yetu.

Nitatumia mfano wa Land Rover ya zamani, kwa sababu wengi wetu tunaifahamu. Gari hili lilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1948. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha mwaka 1945, na chuma kilikuwa adimu katika nchi hiyo. Kwa hiyo watengenezaji walitumia aluminiamu kwa sehemu kubwa ya bodi. Aluminiamu ndiyo madini ya sufuria zetu nyingi. Haipati ile kutu nyekundu. Ndiyo maana utaiona Land Rover ya miaka arobaini, milango yake na mabawa yake bado mazima, ukadhani gari zima ni zima.

Lakini inama, utazame chini. Huko kuna chesisi. Bodi ni nguo ya gari, na chesisi ni mifupa yake. Injini imekaa juu ya chesisi, springi zimefungwa kwenye chesisi, na ndoano ya kuvutia tela imefungwa kwenye chesisi. Chesisi hiyo ni ya chuma. Tena haikutengenezwa kwa chuma kizito kama reli. Imetengenezwa kwa mabati ya chuma yenye unene wa kama milimita 2, yakaunganishwa yakawa kama sanduku refu lenye uwazi ndani.

Hapo ndipo adui anapoingia. Kutu inahitaji vitu vitatu tu: chuma, maji na hewa. Chumvi ikiongezeka, kazi huenda haraka. Ndugu zetu wa Pangani na Lindi wanajua jinsi upepo wa bahari unavyokula mabati ya nyumba. Sasa gari linapopita kwenye tope, tope huingia ndani ya lile sanduku. Nje hukauka, lakini ndani hubaki na unyevu kwa wiki nyingi. Chuma huliwa kutoka ndani kuja nje. Siku unapoiona kutu kwa macho, ujue ndani ilikwisha kula siku nyingi. Tena kutu huvimba. Huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Ndiyo maana rangi hutoka mapele kwanza, kisha hubanduka kama ganda la mti.

Tuone sasa kuchomelea ni kitu gani. Kuchomelea si kugundisha kwa gundi. Ni kuyeyusha vipande viwili vya chuma mahali vinapokutana, mpaka viwe kama uji mmoja. Vikipoa vinakuwa kipande kimoja. Chuma huyeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 1,500. Maji yetu huchemka kwenye nyuzi 100. Utaona ni joto la namna gani.

Lakini kutu si chuma tena. Ilikuwa chuma, ikageuka. Fundi akipeleka moto juu ya kutu, hapati uji safi. Anapata povu lenye matundu, kama mkate uliovimba. Juu panaweza kuonekana pamefungwa, lakini chini hapakushika. Mama anayekandika nyumba analijua jambo hili bila kufundishwa na mtu yeyote. Udongo mbichi haushiki juu ya vumbi. Lazima ukwangue kwanza, ufikie ukuta mgumu.

Katika kijiji kimoja ninachokitembelea kwa kazi, kikundi cha wakulima kilikuwa na Land Rover ya namna hiyo. Ilibeba mahindi, mbolea, na usiku ilibeba wagonjwa hadi kituo cha afya. Boriti ya nyuma ya chesisi, ile yenye ndoano ya tela, ilikuwa imetoboka. Wakaipeleka gereji. Ilirudi baada ya siku mbili, imepakwa rangi nyeusi nzito kama lami. Kila mtu akasifu. Msimu wa mavuno ukafika. Wakafunga tela lenye magunia. Walipofika kwenye mlima mdogo karibu na mto, boriti ilichanika, tela likarudi nyuma peke yake mpaka kwenye majaruba ya mpunga. Bahati nzuri hapakuwa na mtu nyuma.

Walipotazama palipochanika walikuta mambo matatu. Juu palikuwa na rangi. Chini ya rangi palikuwa na bati jembamba. Chini ya bati, ile kutu ya zamani ilikuwa palepale, imekaa kama unga wa kahawa. Bati jipya lilikuwa zima kabisa! Lilikuwa limeshikwa pembeni na chuma kilichokwisha kufa, basi kile kilichokufa kikaachia.

Je, kazi hiyo haiwezekani kufanyika nyumbani? Inawezekana. Nami nasema ifanyike, kwa sababu si kila kijiji kina njia ya kupeleka gari mbali, na fundi wa jirani ukimwamini utamwona kila siku. Lakini ifanyike kwa utaratibu wake.

Kwanza ni nyundo. Chukua nyundo ndogo, gonga chesisi nzima, kutoka mbele hadi nyuma, hasa karibu na springi na kwenye boriti ya nyuma. Chuma kizima hulia kama kengele. Chuma kilichooza hulia kama boga. Pengine nyundo itapita hadi ndani. Usiogope kupatoboa. Tundu ulilolitoboa nyumbani ni afadhali kuliko tundu litakalotokea mlimani. Weka alama kwa chaki kila palipolia vibaya.

Kisha hufuata kukata. Hapa ndipo mafundi wengi hukimbia, na hapa ndipo mwenye gari anapaswa kusimama. Sehemu yote iliyooza ikatwe na kuondolewa, mpaka ufikie chuma kinachong'aa. Kama tundu ni kubwa kama sarafu, usishangae kukata sehemu kubwa kama kiganja. Ndani pakwanguliwe tope na magamba yote. Kingo zisuguliwe kwa brashi ya waya au tupa mpaka ziwe nyeupe. Kazi hii ni ndefu kuliko kuchomelea kwenyewe. Fundi atakayekuambia ataimaliza kwa dakika kumi, mshukuru, uende kwa mwingine.

Na ikiwa unakata, unakata, na hukuti chuma kizima? Basi usikate tena. Chesisi hiyo imekwisha. Hakuna fundi wa mwembeni wala wa mjini anayeweza kuchomelea mahali pasipo na chuma.

Kiraka nacho kina mambo yake. Unene wake uwe sawa na wa chuma ulichokikata. Unene wa bati hutajwa kwa geji. Geji ina ukaidi wake: kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Bati la geji 14 lina unene wa kama milimita 2, nalo linafaa kwa chesisi tunayoizungumza. Bati la kuezekea la geji 30 lina unene wa karibu theluthi moja ya milimita. Hilo ni la kuzuia mvua. Halikutengenezwa libebe magunia.

Tena bati la kuezekea limepakwa zinki ili lisipate kutu. Moto wa kuchomelea huigeuza zinki kuwa moshi mweupe. Fundi akiuvuta moshi huo, jioni hushikwa na homa. Hutetemeka kwa baridi, kichwa na viungo humuuma. Yeye hudhani ni malaria, akanunua dawa bila kupima damu. Homa hiyo kwa kawaida huisha kwa siku moja au mbili, na kesho kutwa huurudia moshi uleule. Wengine husema dawa yake ni maziwa. Maziwa ni chakula bora, nami nayapenda, lakini maziwa huenda tumboni na moshi huenda mapafuni. Dawa ni kuondoa zinki kwanza, kufanya kazi mahali penye upepo, na kukaa upande ambao moshi hauji usoni.

Kabla ya kuwasha mashine, gari litayarishwe. Betri ifunguliwe waya. Alteneta, yaani kile chombo cha kuchaji betri, nayo ifunguliwe waya zake, kwa maana umeme wa mashine unaweza kuiunguza. Kibano cha mashine kifungwe karibu kabisa na mahali panapochomelewa, kwenye chuma kisafi. Kikifungwa mbali, umeme hutafuta njia yake, ukapita kwenye beringi na kuzila. Bomba za breki na bomba za mafuta zilizo karibu ziondolewe. Gari lisimame juu ya vigogo imara, si juu ya jeki peke yake. Pawe na ndoo ya mchanga na mtu wa kutazama, kwa sababu fundi aliyevaa kinyago haoni kinachowaka nyuma yake.

Ndugu msomaji, wewe uliyejifunza kusoma ukubwani, hapa una kazi ya pekee. Chukua pakiti ya vijiti vya kuchomelea, usome. Mara nyingi utakuta maandishi E6013. Vijiti hivyo hutumika kwa kazi nyingi za chuma cha kawaida. Soma pia unene wake. Kwa bati la milimita 2, kijiti cha milimita 2.5 kinatosha. Kijiti kinene zaidi huhitaji moto mkali zaidi, na moto mkali hutoboa bati. Soma kwenye mashine, namba ya ampea iko wapi. Kwa kijiti hicho, ampea 60 hadi 80 zinatosha. Kisha gusa vijiti. Kama vililala mahali pa unyevu, vitatoa matundu hata kama fundi ni hodari. Chukua na kinyago cha fundi. Kwenye kioo chake cheusi pameandikwa namba. Kwa kazi hii namba 10 au 11 inafaa. Miwani ya jua ya mnadani haifai hata kidogo. Mwanga wa kuchomelea huunguza macho, na maumivu huja baada ya saa kadhaa, wakati wa kulala, kama mtu aliyemwagiwa mchanga machoni. Watoto ndio wanaopenda kutazama. Wafukuzwe. Atakayeumia macho aende zahanati, asitiliwe maji ya viazi wala maziwa.

Fundi akishaanza, ashike kiraka kwa madoa madogo kwanza, moja huku, jingine kule, ndipo azibe katikati. Akivuta mstari mrefu kwa mara moja, bati hujikunja kwa joto. Akimaliza abandue ganda linalobaki juu ya mshono kwa nyundo, tuone chuma chenyewe. Pakipoa, papigwe brashi na kupakwa rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo, si wiki ijayo. Na yale matundu madogo ya kutolea maji yaliyowekwa chini ya chesisi na watengenezaji yasizibwe. Nimeona mafundi wakiyaziba kwa nia njema, wakidhani ni ya kutu. Wamefungia maji ndani.

Sasa nakuja kwenye vitu ambavyo sikubali vichomelewe nyumbani, hata fundi akiapa. Cha kwanza ni tangi la petroli. Tangi tupu ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu ndani limejaa mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Kuliosha kwa sabuni mara moja hakuliondolei hatari. Watu wamekufa kwa jambo hili katika nchi nyingi, tena mafundi wazoefu. Tangi lililooza litafutiwe jingine. Cha pili ni vyuma vya usukani, zile fimbo na viungo vinavyogeuza magurudumu. Cha tatu ni vyuma vya breki na bomba zake. Vyuma vya usukani na springi vimetengenezwa kwa chuma cha namna yake, kilichopashwa moto na kupozwa kwa kipimo. Moto wa kuchomelea huondoa kipimo hicho, chuma kikawa kigumu na chepesi kuvunjika pembeni mwa mshono. Kitavunjika, nacho hakitavunjika gari likiwa limesimama.

Mabawa, sakafu, bomba la moshi, keria, ngazi ya nyuma: hayo chomeleeni. Bawa likianguka barabarani utalirudia ulichukue. Lakini kama bawa lenyewe ni la aluminiamu, mashine ya kawaida na vijiti vya E6013 havitashika. Afadhali lipigwe ribiti.

Najua jibu nitakalopewa. "Afisa, wewe una mshahara. Kikundi chetu hakina fedha ya kukata na kusugua siku tatu." Nimelisikia jibu hili mara nyingi, na si jibu la kipuuzi. Umaskini ni kweli. Lakini hesabuni. Yule aliyeweka bati juu ya kutu alilipwa. Rangi ilinunuliwa. Tela lilipoanguka, magunia yaliyopasuka yalihesabiwa. Kisha kazi ilirudiwa, ikalipwa tena, na safari hii chuma cha kukata kilikuwa kikubwa zaidi kwa sababu kutu haikulala. Na wakati huo wote wagonjwa walibebwa kwa baiskeli.

Kuna jibu jingine, kwamba gari lilikwisha kukaguliwa na lina stika kwenye kioo. Stika ni kitu kizuri, lakini haioni ndani ya chesisi. Nyundo ndiyo inayoona.

Kwa hiyo naona kila kikundi chenye gari kiandike mapatano na fundi kabla ya kazi. Si lazima mwanasheria. Daftari la darasani linatosha. Andikeni tarehe. Andikeni mahali panapotengenezwa. Andikeni kwamba kutu yote itakatwa, na kwamba mwenye gari ataitwa kutazama kabla ya kiraka kuwekwa. Andikeni geji ya bati. Andikeni malipo kwa mafungu mawili, na fungu la pili litolewe baada ya kugonga kwa nyundo na kabla ya kupaka rangi. Neno hilo la mwisho ni kubwa kuliko yote, kwa sababu rangi huficha. Fundi mwaminifu hatakasirika. Mapatano hayo yanamlinda na yeye, maana kesho mwenye gari hawezi kumdai kazi ambayo haikuandikwa.

Katika kijiji kingine mweka hazina wa kikundi ni mama aliyemaliza masomo ya kisomo. Nilikuwapo siku fundi alipoleta bati lake. Mama alifungua daftari, akasoma polepole kwa kidole, akaomba ashike lile bati. Fundi akamwambia, "Mama, na wewe unajua mambo ya vyuma?" Mama akajibu, "Sijui vyuma, mwanangu. Ila hapa umetia sahihi geji 14, na hili linapinda kwa mkono wangu." Vijana waliokuwa wamesimama pale wakacheka. Fundi naye akacheka, akapanda baiskeli yake, akaenda kuleta bati jingine.